Suruali ya Bingwa

Ndani ya basi, mwalimu mstaafu alifungua gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake.

"Wamesema nimwone daktari bingwa wa damu na saratani. Itabidi nifunge safari hadi mji mkuu," fundi cherehani alimwambia muuza mitumba aliyekaa naye.

"Ya nini, dada? Si yupo hospitali yetu, ghorofa ya pili? Mdogo wangu alipelekwa kwake kabebwa, karudi kwa miguu yake."

"Yule? Yule namshonea mimi suruali! Kila mwaka namwongezea kiuno. Tumbo lake limemshinda, ataiweza damu yangu?"

"Kwani anatibu kwa kiuno?"

Nabii hakubaliki kwao, mwalimu aliwaza, akageuza ukurasa ambao hakuusoma.

Basi liliposimama hospitalini, fundi aliinuka. "Nampelekea suruali yake tu," alisema upesi, bila kuulizwa.

Ndani ya mfuko aliobeba, kwenye mkunjo wa suruali ile, bahasha ya majibu ya vipimo vyake ilikuwa inachungulia.