Kitu Kilichofunika Kitufe

Tangu basi litoke Malindi, Kahaso alikuwa ametega sikio kwa wawili waliokaa mbele yake. Mwenda, kijana wa bara, alikuwa akimweleza Bi Esha wa Takaungu kazi yake ya kuijaribu programu ya hoteli kabla wageni hawajaanza kuitumia.

"Mashine ndiyo inabonyeza simu, mama, usiku na mchana, mimi nikiwa sipo. Lakini inakwama. Inaandika kwamba kuna kitu kimefunika kitufe. Nikienda kuangalia, sioni kitu! Leo nikifika Kikambala bila jibu, kazi sina."

Kahaso alimjua mganga mmoja wa Rabai, ila hakuulizwa.

"Hukwama saa ngapi?" akauliza Bi Esha.

"Mara tano kwa siku. Saa kumi na moja alfajiri, saa sita u nusu, saa kumi kasorobo..."

Bi Esha akamshika mkono. "Subhanallah! Simu hiyo ilikuwa ya nani?"

"Ya Salim, aliyeacha kazi."

"Basi Salim aliiwekea adhana, mwanangu. Hutokea kwenye kioo, ikakaa kidogo, ikaondoka."

Mwenda akaitoa simu mkobani. Ilikuwa saa sita u nusu. Pale pale picha ya msikiti ikatanda kwenye kioo chote, bila sauti. Wote watatu wakaiinamia, Kahaso bila haya.

"Naifuta sasa hivi," Mwenda akanong'ona.

"Ngoja kwanza imalize," akasema Bi Esha.

Basi likasimama njia panda ya Takaungu. Bi Esha akashuka, na kidole cha Mwenda kilikuwa bado hewani.