Simu ya Mkwe

Basi la kutoka Kahama lilikuwa linakaribia Tinde, mwaka themanini na tatu. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anamsimulia mzee wa pembeni yake habari za simu ya nyumbani kwao Shinyanga, enzi mumewe akiwa karani wa kiwanda cha pamba. Mama huyo aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, utadhani ingeshikwa na mafua.

"Mwaka sitini na tisa binti yangu Febronia alilazwa Geita, siku ya pili uchungu haujaisha. Simu ikalia, nikapokea. Kimya. Nasikia mtu anahema tu."

"Alikuwa nani?"

"Mkwe wangu. Alitegemea mume wangu ndiye atapokea. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe, baba, sasa angeanzaje? Mwishowe sauti ikaja kwa mbali: 'Mama, amejifungua. Wote wazima.' Nikajua ameipa simu mgongo. Nikakaa sakafuni nikacheka mpaka nikalia."

Mzee hakuridhika. "Simu haina macho. Alikuwa anamkwepa nani?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa Shinyanga."

"Nilikuwa sikioni mwake."

Walibishana hivyo mpaka Tinde, mama akashuka. Kiti cha nyuma kabisa, bwana mmoja aliyekuwa ameangalia dirishani tangu Kahama akampa konda kikapu.

"Mpe mama yule," alisema, akiwa amegeukia upande wa pili. "Mwambie Febronia anamsalimu."