Ukurasa wa Mwisho wa Bi Nicolasa

Leo, tarehe 30 Oktoba, Bi Nicolasa Huarachi anastaafu baada ya kutumikia hifadhi ya nyaraka ya wilaya yetu kwa miaka thelathini na minne.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni daftari la kijiji cha Huayllapata. Humo, enzi za ukoloni, makarani wa Wahispania waliandika wanaume waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kuchimba fedha kwenye migodi ya Potosí. Asiyerudi alichorewa msalaba kando ya jina lake. Kwetu kila marehemu huandaliwa meza ya mikate Siku ya Wafu, miaka mitatu mfululizo, na huitwa kwa jina lake aje kula. Wale waliofia Potosí hawakuwahi kuandaliwa hata mara moja. Bi Nicolasa alinakili majina yao, akayapeleka kijijini mwenyewe.

Alikosea pia. Mwaka wa kwanza aliona doa la wino akadhani ni msalaba, watu wakamwokea mikate mtu aliyerudi salama. Ukoo wake ukaja ofisini umenuna: "Babu yetu alirudi, Bi Nicolasa. La sivyo sisi tumetoka wapi?" Aliomba radhi, nao wakamkaribisha kula ile mikate.

Mwezi uliopita ulibaki ukurasa mmoja, umeliwa na unyevu. Mafundi wa mji mkuu walituonya kwamba ukifunuliwa utasambaratika, na ukiachwa utaoza. Ungesomeka mara moja tu. Bi Nicolasa hakutaka kuamua peke yake, akawaita watu wa Huayllapata. Wakamwambia afunue. Alisoma kwa sauti, mimi nikiandika, karatasi ikimong'onyoka vidoleni mwake. Tulipata majina kumi. La kumi na moja lilivunjika kabla hajalisoma.

Sijawahi kumwona akilia kazini ila siku ile.

"Huyu nimempoteza mimi," alisema.

Mama Dominga Chambi, mzee kuliko wote kati ya wageni wetu wa Huayllapata, alimshika mkono. "Binti yangu, miaka yote hii nani alimtafuta? Ni wewe tu. Basi njoo umwokee wewe."

Kwa hiyo kesho hatapumzika. Atakuwa Huayllapata, akikanda unga.

Bi Nicolasa, ahsante kwa kutusomea wafu wetu. Tunakutakia afya, na siku nyingi za utulivu. Na huyo wa kumi na moja, akifika mezani, atakuta kuna mtu anamngoja.