Siku Tisa za Taa ya Kijani

Risala ya wafanyakazi wa chumba cha kufulia nguo za wagonjwa

Mgeni rasmi, mkuu wa hospitali, madaktari, manesi, na nyote mliotutangulia kwa vyeo na kwa viti vya mbele,

Karibuni sana. Ukumbi huu umezoea kutuona tukiingia kubadilisha vitambaa vya meza na kutokea mlango wa nyuma. Leo tumepewa kipaza sauti, na tunaomba kwa heshima zote kisizimwe mpaka tumalize. Tunaomba hivyo kwa sababu risala iliyochapwa na ofisi, ile iliyomo ndani ya faili lako, Mgeni rasmi, siyo hii. Ile imeandikwa vizuri kutushinda, na aliyetuandikia tunamshukuru. Ila kuna jambo halimo, na jambo hilo limetukaa kooni tangu juzi.

Utaona pia kwamba mwenzetu mmoja hajaketi. Ni yule mrefu pale mlangoni, tunamwita Mlingoti. Usidhani hana adabu. Anatazama dirisha la chumba chetu, ng'ambo ya ua, akisubiri jibu. Jibu hilo huchukua dakika ishirini, na dakika zilianza kwenda ulipokuwa unapeana mikono na waheshimiwa.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu kumi na wanne. Tunafua shuka, foronya, mapazia na kanzu za upasuaji za hospitali nzima. Kabla shuka haijaingia kwenye mashine, lazima ikung'utwe. Watu wawili wanashika pembe nne, wanainua, wanashusha kwa nguvu: pa! Si mbwembwe. Shuka za wagonjwa huja na siri zake. Tumeshaokota mikasi, sindano, miwani, na meno ya bandia mara tatu, mara mbili yakiwa ya mzee yule yule, ambaye alituambia, "Yamenichoka, wanangu, ndiyo maana yanatoroka."

Aliyetufundisha kukung'uta ni Shangazi. Ni shangazi yangu mimi ninayesoma, dada wa baba yangu tumbo moja, na wengine wote wamemrithi kwangu. Ana miaka ishirini na sita katika chumba kile. Hajawahi kuacha sindano ipite.

Sasa, Mgeni rasmi, shuka ikikung'utwa, kilichokuwa kimelala kinaamka. Wataalamu wa maabara waliliona hilo kabla yetu, wakaja kukifunga ukutani kwetu kile kifaa cha kutambua virusi hewani. Sisi tunakiita Pua. Kina bomba la kuvuta hewa, na ndani kuna kijisahani kilichopakwa chembe zinazomkamata kirusi wa kifua na kumwacha kila mwingine apite. Kirusi akinaswa pale, umeme mdogo hubadilika, na taa hugeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Mtaalamu alipomaliza kutueleza, Shangazi alimuuliza, "Kwa hiyo hiki kinanusa ugonjwa kabla mtu hajakohoa?" Akajibiwa ndiyo. Akasema, "Basi kimenizidi akili. Mimi husubiri kikohozi."

MAFANIKIO

Siku ya tatu tu, tukikung'uta shuka za wodi ya nne, Pua iliwaka nyekundu. Tulidhani tumeiharibu. Madaktari walikwenda wodini, wakapima, wakakuta wagonjwa wawili wana kirusi ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta. Wakatengwa. Tangu siku ile shuka za wodi ya nne zikawa zinakuja zimefungwa kwenye mifuko, na zikaingia mashineni bila kukung'utwa. Hakuugua mtu kwetu. Kwa mara ya kwanza daktari mmoja aliteremka mpaka chumbani kwetu, akatupa mkono mmoja mmoja, na mikono yetu ilikuwa imelowa.

Haya yote yamo katika taarifa uliyonayo. Tunajivunia.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tunapoachana na karatasi ya ofisi.

Mwezi uliopita wodi ya nne ilitangazwa salama. Mifuko ikasimamishwa, shuka zikaanza kuja wazi. Ofisi ikasema Pua ipime siku tisa. Ikikaa kijani siku zote tisa, mifuko haitahitajika tena, na kifaa kihamishiwe mapokezi, ambako wageni watakiona. Katika faili lako kuna hati ya kuthibitisha hilo, na kalamu iko juu yake. Siku tisa zote zilikuwa kijani. Ofisi haikudanganya hata nukta moja.

Waliodanganya ni sisi, ingawa hatukujua.

Tunaomba utusikilize polepole hapa. Chumba chetu kina vumbi la pamba. Linaingia kwenye pasi, kwenye saa, kwenye chai. Mtaalamu alikuwa ametuambia tuitunze Pua na vumbi. Na mtu wa kufua akiambiwa atunze kitu, hufanya jambo moja tu: hukifunika kwa kitambaa safi. Siku hizo tisa zilipokaribia, Shangazi alichukua shuka iliyochakaa, akaikunja mara mbili, akashona kifuniko chenye pindo na kamba za kufungia. Kilikuwa kizuri. Tulikifua kila jioni, tukakipiga pasi. Kila asubuhi, kabla ya kukung'uta, tulikivisha, kwa sababu vumbi ni la wakati wa kukung'uta. Jioni, kazi ikiisha na hewa imetulia, tulikivua.

Umeshaelewa, Mgeni rasmi. Mdomo wa bomba ulikuwa chini ya kitambaa. Saa za kunusa tuliiziba, saa za kupumzika tukaizibua. Ikawa kijani, kijani, kijani, na sisi tukawa tunaambiana, "Kazi nzuri, leo tena imetulia."

Siku ya saba Shangazi alianza kukohoa. Alisema ni vumbi. Siku ya tisa hakuweza kupanda ngazi tano za kutokea uani, Mlingoti akambeba. Leo amelazwa wodi hiyo hiyo ya nne, ana mpira wa oksijeni puani, na amelalia shuka ambayo labda aliikung'uta mwenyewe.

Juzi ndipo tulipofungua kijitabu cha kifaa. Kimeandikwa kwa lugha tusiyoisoma, lakini picha tunazisoma. Kuna picha ya bomba, juu yake kitambaa, na juu ya kitambaa alama kubwa ya kukataza. Tuliitazama mmoja mmoja, kila aliyeitazama akampa mwenzake.

Tulikwenda ofisini saa ile ile. Tuliambiwa, "Sherehe imeshapangwa, hayo tutayaongea baadaye." Tungeweza kunyamaza. Tunakiri tuliogopa, anayekubali kosa katika sherehe ya watu hajui kesho atapokewa na nani getini. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu anayeumbuka kwa ajili yetu ni Shangazi.

Basi leo asubuhi tumeacha kifuniko kwenye kamba ya kuanikia. Wenzetu wawili wamejifungia kule ndani na barakoa mbili mbili, wamekung'uta shuka za wodi ya nne mbele ya Pua iliyo wazi. Jibu lake ndilo linalosubiriwa pale mlangoni.

MAOMBI

Tuna maombi mawili, na hayahitaji bajeti ya mwaka ujao.

La kwanza, usitie sahihi hati hiyo kabla Mlingoti hajainua mkono.

La pili, kama kuna wa kuadhibiwa kwa kifuniko, tuadhibiwe wote kumi na watatu tulio wazima. Aliyeshona asihesabiwe. Alishona kwa mapenzi, na sisi ndio tuliofunga kamba.

Kurasa za mwisho za risala hii tumeandika mbili. Moja ni fupi: taa ikiwa ya kijani, tulipanga kukuomba radhi kwa kukupotezea muda, ukate utepe, tupige makofi. Ya pili tuliiandika jana huku tukiomba isisomwe.

Mlingoti ameinua mkono. Ameshika kitambaa chekundu.

UKURASA WA PILI

Mgeni rasmi, ikiwa unausikia ukurasa huu, Pua imewaka.

Kirusi bado yumo wodi ya nne, siku tisa zote alikuwemo, na ndani ya siku hizo shuka zimepita mikononi mwetu, kwenye matoroli, kwenye korido uliyopita asubuhi hii. Toroli la shuka za wodi ya nne hutoka wodini saa tano kamili, bila mifuko. Na hili halimo kwenye karatasi: saa ya ukutani nyuma yako inasema tano kasoro dakika sita. Nesi mkuu amekaa kiti cha tatu kutoka kwako, na simu yake iko mezani. Tunaomba neno moja kutoka kwako, kabla ya utepe na kabla ya hotuba: zifungwe.

Wewe ukilisema, litafika. Sisi tumelisema tangu juzi.

Naomba radhi kwa kusema mimi mahali pa sisi. Jana jioni nilisimama dirishani kwa Shangazi. Hawezi kuongea sana. Aliniuliza kwa ishara, akigusa pua yake: inaendeleaje? Nikamwambia imefunikwa vizuri. Akafurahi.

Hajui, na atakapopata nafuu lazima tumwambie. Tunataka siku hiyo tuwe na la kuongezea: kwamba tuliivua, ikanusa, na kuna mtu mkubwa alisikia akaacha kalamu chini.

Mungu akujalie kifua kizima na pumzi ndefu, wewe, watoto wako, na kila atakayelala leo kwenye shuka zetu.

Ni sisi, wafanyakazi wa chumba cha kufulia, watu kumi na wanne, leo kumi na watatu.

Zimebaki dakika nne.