Bi Vipimo na Ramani Aliyoifuta

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Vipimo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1969, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mimi ni kitinda mimba wao, na nimetumwa nisome wasifu wake bila kulia. Tutaona.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya stesheni, kisha sekondari ya bweni, hadi shahada ya uzamili ya akiolojia mwaka 1995. Akiwa na miaka tisa alichora nyumba yetu sakafuni kwa chaki, pamoja na mapito ya kila mmoja wetu. Akatangaza kwamba mkuu wa nyumba ni mama, maana njia zote zilipita jikoni. Baba alinuna mpaka chakula cha jioni.

Kazi yake chuo kikuu, katika chumba chenye feni mbovu, ilikuwa mchezo uleule. Kwa picha za setilaiti na kompyuta alitafuta mahame, vijiji vilivyoachwa karne nyingi zilizopita, akaunganisha kuta, visima na njia. Wakubwa wake walishikilia kwamba palikuwa na mfalme. Yeye alionyesha kuwa njia zilikutana visimani, wala hakuna hata moja iliyoelekea ikulu. Watu wale walijitawala kwa kukaa na kusemezana.

Aliolewa mwaka 1998 na fundi wa kompyuta, shemeji yetu mpole. Mwaka 2016, alipoiweka ramani ya mahame hayo mtandaoni, shemeji alimsihi afiche mahali penyewe. Alikataa, elimu haifungiwi kabatini, alisema. Kiangazi hichohicho wezi wa shanga za kale walifika na majembe, simu mkononi, wakafukua makaburi na kutupa mifupa. Aliifuta ramani, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

“Nimewafikisha mimi mpaka mlangoni,” alimwambia mumewe. Hakucheka tena kama zamani, na inaniuma. Kila kiangazi wawili hao walirudi kuizika upya mifupa ya watu wasiowajua.

Saratani ya ini ilibainika Januari 2023. Alituaga Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu.

Simu zenu tulizichukua langoni, na wengine mlituona wakorofi. Ni wosia wake, kwa kuwa picha ya simu hubeba mahali ilipopigwa.

“Msinitie kwenye ramani,” alisema. “Mjukuu wangu mleteni kaburini kwa kumshika mkono.”

Alale, na asiwepo wa kumfukua.