Marehemu wa Geti Rekodi

Fanuel: Haloo? Mulishani, habari? Nani mwenzangu?

Scola: Shikamoo, bosi. Ni marehemu.

Fanuel: Nani? Ongea kwa sauti, mtandao wa hapa mpakani—

Scola: Marehemu Scola. Yule mtakayemfanyia dakika moja ya kimya leo jioni, kwenye sherehe ya miaka ishirini ya studio yako, Geti Rekodi.

(Kimya.)

Scola: Usiimalize dakika yote, bosi. Bakiza ya jioni.

Fanuel: Scola wa Iyula? Jamani! Pole... yaani, hongera—

Scola: Pole ya kufa au hongera ya kufufuka?

Fanuel: Ni huyu Yonasi wa bendi yetu! Nilimuuliza, Scola tumwalike? Akanijibu, "Scola alishatutoka."

Scola: Nilitoka kwenye bendi, Fanuel! Nikaolewa, nikalima kahawa. Yonasi anaongea Kinyiha kwa maneno ya Kiswahili, miaka yote unamjua. Hata hukuuliza nimezikwa wapi?

Fanuel: Mambo yalikuwa mengi, dada'angu.

Scola: Gari lako la matangazo limepita soko la Mlowo jana. Mama yangu yuko pale na parachichi zake, anasikia mwanawe kafa. Kaanguka chini! Mimi natoka shamba, nakuta uani kwangu watu wanalia. Ketrina, jirani ambaye hatusalimiani, ndo anaongoza: "Scola alikuwa na roho nzuri!" Nikasimama nyuma yake, nisikilize kwanza.

Fanuel: (anacheka) Ketrina huyo—

Scola: Usicheke.

Fanuel: Samahani.

Scola: Imeniuma, Fanuel. Wimbo wa kwanza wa Geti Rekodi ni sauti yangu, tumeziba dirisha kwa godoro lako. Ukafanya sherehe ya miaka mitano, ya kumi, ya kumi na tano. Sikualikwa hata moja. Leo nimekufa ndo nimekuwa "malkia wetu"?

Fanuel: Asiyekuwepo na lake—

Scola: Halipo. Ndo ukaona bora nisiwepo kabisa!

Fanuel: Tuyajenge basi. Angel, mwimbaji wetu wa sasa, keshaufanyia mazoezi wimbo wako. Fulana zimechapwa, picha yako na msalaba. Njoo kesho, eh? Kesho nakutangaza mwenyewe, uko hai.

Scola: Nibaki maiti mpaka kesho?

Fanuel: Au njoo leo, ila... kama mdogo wake marehemu.

Scola: Nijililie mwenyewe?

Fanuel: Machozi kidogo tu, watu wa kamera wapo—

(Mkwaruzo. Honi za malori.)

Scola: Haya. Ila waliokuja kunililia wamegoma kurudi na unga wao. Wanasema anayetangaza msiba ndiye mfiwa.

Fanuel: Unga gani? Mbona nasikia makelele? Uko wapi?

Scola: Kwenye fuso, foleni ya Tunduma hapa. Na unga, na kuni, na Iyula nzima. Ketrina kaja na sufuria la kanisa.

Fanuel: Scola, nina wageni kutoka Lusaka!

Scola: Watakula ugali wa matanga. Na Angel aweke maiki chini. Wimbo wangu naimba mwenyewe, leo, mama yangu akinitazama.

Fanuel: Scola, nakuomba, usinitie aibu—

Scola: Mama anakuulizia, Fanuel. Kashika ukuni mkononi, nimemwambia auache garini, hataki.

Fanuel: Haloo? Scola, sikiliza—

Scola: Salio linakata. Ile dakika yako ya kimya, itumie sasa hivi. Ikiisha, fungua ge—