Mwalimu Lamria Panggabean na Alama Mbili za Kromi

Tarehe 31 Julai 2024, Mwalimu Lamria Panggabean anastaafu baada ya kufundisha kemia kwa miaka thelathini na minne katika Sekondari ya Dolok Nauli, hapa kando ya Ziwa Toba. Aliripoti mwaka 1990, akakuta maabara yenye meza tatu na bomba lisilotoa maji. Leo ina meza kumi na sita, na maji yanatoka.

Wengi wetu tulielewa elektroni kwa sababu yake. Alisema elektroni ni kama abiria wa feri ya Muara: kila mmoja hukalia benchi lake peke yake, na mabenchi yakiisha ndipo wanaanza kukaa wawili wawili. Siku aliyounguza chumvi ya shaba ili darasa lione mwanga wa kijani unaotoka elektroni zikishuka ngazi, mkuu wa shule wa wakati huo aliingia mbio na ndoo ya maji. Maji yakammwagikia mwalimu. “Sasa mmeona na maji yanavyoshuka ngazi,” akawaambia wanafunzi, akaendelea na somo akiwa chapachapa.

Alikuwa mkuu wa idara ya sayansi hadi mwaka 2009. Kuhusu mwaka huo, kamati ya sherehe iliniomba sentensi moja tu. Nitaandika zaidi ya moja.

Mwaka huo nilikuwa na miezi minne kazini, bado kwenye majaribio. Nilisahihisha mtihani wa kuchagua mwanafunzi mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya kemia mjini Medan. Swali la tisa liliuliza elektroni za kromi zimepangwaje. Kwa kanuni ya kawaida, sita za mwisho hukaa nne ngazi moja na mbili ngazi nyingine. Lakini kromi haifuati kanuni hiyo. Ni tano na moja, kila elektroni na benchi lake. Binti mmoja wa kidato cha mwisho, Duma Simangunsong, aliandika tano na moja. Nikamkata alama mbili. Alikosa nafasi kwa alama moja.

Baba yake, mfugaji wa samaki, alikuja na kitabu mkononi.

“Nani amemkosesha mwanangu?” aliuliza mbele ya mkuu wa shule.

Nilijua jibu. Nilitazama viatu vyangu.

“Karatasi zilipita mikononi mwangu, Mzee,” alisema Mwalimu Lamria. “Kosa ni langu.”

Jina la mwanafunzi mwingine lilikwisha pelekwa Medan. Mwalimu Lamria alivuliwa ukuu wa idara. Mwaka uliofuata nikapewa mimi. Niliupokea. Nilipiga na picha.

Miaka kumi na mitano tumekula wali na samaki meza moja, na sikuwahi kuligusa jambo hilo. Mwezi uliopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu. Aliisoma yote, akacheka alipofika kwenye ndoo, kisha akaizungushia duara sentensi moja: “Mwaka 2009 aliachia uongozi kwa hiari yake.”

“Hapa umekosea tena,” alisema.

Nikamuuliza kwa nini alinibebea mzigo.

“Wewe wangekufukuza. Mimi wangenifanya nini? Lakini nilidhani kesho yake utasema mwenyewe. Nilisubiri wiki nzima, Saut. Kisha nikaacha kusubiri.”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Porsea, ambako Duma sasa ni muuguzi wa zahanati. Nilimaliza maneno yangu nikiwa nimesimama mlangoni.

“Mwalimu, mimi nilijua,” alisema. “Ule mwandiko ulikuwa wako. Tena Mwalimu Lamria alinifuata nyumbani kunifundisha kila Alhamisi mpaka nikafaulu mtihani wa mwisho. Asiyejua alikuwa baba. Kila alipomwona Mwalimu Lamria sokoni alivuka barabara ili asimsalimu. Tulimzika mwaka juzi akiwa bado amemnunia.”

Nilimwomba msamaha. Akanijibu, “Kaa kwanza, nimalize kumfunga huyu bandeji.” Nilikaa. Wagonjwa walikuwa wengi, na tuliagana bila yeye kusema kama amenisamehe. Sikuwa na haki ya kumhimiza.

Barua yangu ya kuachia ukuu wa idara iko kwa mkuu wa shule tangu Jumatatu. Nimeomba kumbukumbu za mwaka 2009 zirekebishwe, na wasifu huu usomwe wote ukumbini, bila kurukwa aya. Nitausoma mimi. Familia ya Simangunsong imealikwa. Mama yake Duma ametuma neno kwamba atakuja, na ameomba akae karibu na Mwalimu Lamria.

Mwalimu, umetufundishia watoto wetu na umetufundisha sisi, mmoja wetu kwa kuchelewa sana. Ahsante kwa miaka thelathini na minne. Kalale asubuhi mpaka jua lipande, lima vitunguu vyako, cheza na wajukuu. Tunakutakia maisha marefu yenye afya na amani, na watu wote wakusalimu sokoni.

Saut Manurung
Mwalimu wa kemia